Mstari wa Rula

Mwaka wa tisini na tano, Bishkek, ghorofa ya tatu,
ofisi haina joto, tumekaa mezani na makoti yetu,
nilipewa orodha ya matumizi na rula ya mbao.
Mkuu wangu alisema: kata panapokatika.
Mishahara ya wauguzi haikatiki. Mkate haukatiki.
Nikafika kifungu cha mia mbili na kumi na nne:
kituo cha kupima barafu, watu sita, redio moja,
farasi wanne, mafuta ya taa.
Nikajiuliza, barafu ina haraka gani?
Nikaweka rula. Nikachora.
Mstari ulinyooka. Nilikuwa na mkono mzuri siku hizo.

Leo nina miaka sabini na goti linalonung'unika.
Nimepanda mlima juu ya farasi wa kukodi
kuja kuona nilichokikata.

Burulkan, mkuu wa kituo, ananifungulia daftari.
Wino wa zambarau tangu mwaka wa hamsini na saba:
nambari ya kigingi, kina, tarehe,
sahihi ya mtu ambaye vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Halafu kurasa zinakuwa nyeupe.
Si weupe wa theluji.
Weupe wa mtu aliyeitwa asiitike.
Miaka kumi na mitano.

Mukash, fundi wa redio, aliuza nyaya za shaba
akanunua magunia mawili ya unga.
"Simlaumu," anasema Burulkan, "mkate ule hata mimi niliula."
Hajui bado kwamba anayepaswa kulaumiwa
ameketi mbele yake, anakunywa chai yake.

Nikamwambia.
Alinyamaza muda wa birika kuchemka.
Kisha akaniongeza sukari.

Nikasema: sasa wizara ina kifungu kipya,
kuna mashine zinazosoma joto zenyewe usiku na mchana,
kuna fedha za vijana kwenda kusoma. Tutaziba pengo.
Akacheka kwa adabu, kama anayemcheka mkwe.
"Fedha hununua kesho," akasema. "Jana haiuzwi."

Sisi wahasibu tulizoea kuambiana akiba haiozi.
Kweli, hii haikuoza.
Iliyeyuka tu, mwaka baada ya mwaka,
ikashuka bondeni, ikanywesha viazi na miparachichi,
watu wakashukuru Julai yenye maji mengi,
na hapakuwa na hata mmoja wa kuwaambia
kwamba wanakunywa mtaji.

Mwenye farasi ana binti, Nurjamal, darasa la nane.
Shuleni kwao fizikia ilifundishwa na mwalimu wa michezo
aliyekuwa akisoma sura moja mbele ya wanafunzi wake,
na siku alipougua, akawa sura moja nyuma.
Mwaka huu wameletewa mwalimu wa kweli,
kijana mwembamba mwenye sanduku la lenzi.
Nurjamal amekuja na swali analolilinda kama yai:
kwa nini barafu chafu huyeyuka upesi kuliko safi?
Burulkan hakumjibu.
Alimpa kiganja cha masizi, akamwonyesha pa kuyamwaga,
akamwambia, "Njoo uangalie kesho kutwa."

Tukatoka. Upepo ulikuwa na meno.
Kwenye kigingi cha sita Burulkan akanipa ncha ya utepe:
"Shika hapa. Usisogee."
Nurjamal akainama, akasoma:
mita mbili, sentimita thelathini na saba.
"Soma tena."
Mita mbili, sentimita thelathini na saba.

Wenzangu wote wawili mikono yao ilikuwa na maji,
kwa hiyo daftari likaja kwangu.
Ukurasa haukuwa na mistari. Burulkan akanitolea rula mfukoni.
Niliitazama. Nikaiacha mkononi mwake,
nikaandika hivyohivyo, kwa kalamu ya risasi,
nambari zikapanda kidogo upande wa kulia.

"Zimepinda," akasema Nurjamal.
"Zinasomeka," akasema Burulkan. "Twende cha saba."